Tangi linavuja, mtoto anauliza kama samaki watakufa

Ilikuwa Jumamosi saa tatu usiku katika nyumba moja ya Kashai, mjini Bukoba, na mkeka wa sebuleni ulikuwa umelowa. Mtoto wa darasa la nne ndiye aliyeukanyaga kwanza. Alidhani mdogo wake amejikojolea. Kisha akaona mstari mwembamba wa maji ukishuka kwenye mguu wa meza, akaufuata kwa macho hadi juu, kwenye tangi la vioo lenye furu watano ambao mjomba wake aliwaleta kutoka mwalo wa Kemondo.

"Tata," akaita, "samaki wanavuja."

Baba alifanya kile ambacho wazazi wengi wangefanya. Aliinama achungulie chini ya meza, mkono mmoja ukitafuta waya wa pampu ya hewa. Mama akamvuta shati. Chini ya meza ile, sakafuni, ilikuwapo soketi ya kurefusha umeme, na maji yalikuwa yamebakiza kama shibiri moja kuifikia. Hakuna samaki anayestahili hatari hiyo. Mzazi anayekuta maji karibu na umeme asichomoe kitu kwa mkono uliolowa. Aende kwanza azime swichi kubwa ya nyumba, akiwa amesimama pakavu, na watoto wakae mbali. Samaki wanaweza kukaa bila pampu kwa muda huo bila kudhurika.

Umeme ulipozimwa, swali la mtoto likaja: "Watakufa?"

Baba alitaka kusema hapana, hawafi. Mama akamtangulia: "Hatujui bado. Ndiyo maana tutafanya polepole." Na hapo ndipo ulipo ukweli wa tangi linalovuja. Maji yanayotoka ni nadra kuua samaki. Wanaokufa wengi huuawa na haraka ya mwenye nyumba: ndoo yenye sabuni, maji ya bomba yaliyomiminwa papo hapo, gundi isiyofaa, au tangi kujazwa kabla gundi haijakauka.

Kabla ya kulaumu kioo, ni vizuri kujua kwamba si kila maji yaliyo mezani yametoka kwenye tufu. Pampu ya hewa ikiwekwa chini kuliko usawa wa maji, umeme ukikatika maji huweza kurudi kwenye kimpira chake na kumwagika kupitia pampu yenyewe. Mtu anaamka asubuhi anakuta dimbwi, anavunja tangi zima kutafuta tundu ambalo halipo. Dawa yake ni kuiweka pampu juu ya usawa wa maji, au kufunga kile kivalvu kidogo cha kuzuia maji yasirudi. Wakati mwingine ni jasho la kioo tu, au samaki wanaorusha maji wakigombana.

Nyumba ile ya Kashai ilipima hivi. Vioo vyote vilifutwa kwa nje hadi vikauka. Kipande cha tishu kikabandikwa kwenye kila pembe, na gazeti likatandikwa chini ya meza. Mtoto akapewa kalamu achore alama ya usawa wa maji kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa kiooni. Baada ya nusu saa, tishu ya pembe ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa imelowa kuanzia kama sentimita 15 kutoka chini. Juu ya hapo ilikuwa kavu. Tundu limejulikana.

Watoto wakubwa wanaweza kufundishwa jambo moja hapa, nalo watalikuta darasani baadaye. Maji husukuma kwa nguvu kadiri kina kinavyoongezeka. Tundu lililo karibu na sakafu ya tangi hutoa maji kwa nguvu kuliko lililo karibu na juu, na maji yakishuka chini ya tundu, kuvuja kunakoma. Kwa hiyo haikuwa lazima furu watolewe usiku ule. Baba alifyonza maji kwa mpira hadi yakabaki sentimita 13. Mkeka ukaanikwa, soketi ikahamishwa na kukaushwa, pampu ikarudishwa juu ya kabati, na watu wakalala.

Maji yaliyofyonzwa hayakumwagwa. Yalihifadhiwa kwenye madumu mawili ya maji ya kunywa. Hayo ndiyo maji ambayo samaki wameyazoea, na kesho yake yana thamani kuliko ya bomba.

Asubuhi ya Jumapili palitokea kosa ambalo lingemaliza hadithi mapema. Shangazi, kwa nia njema kabisa, alileta ndoo ya kufulia, imesuguliwa ikang'aa. Ndoo ya namna hiyo haifai hata ikisuuzwa mara kumi. Mabaki ya sabuni huharibu ute unaomlinda samaki na kuchoma matamvua yake, ambayo ndiyo anayopumulia. Inatakiwa ndoo mpya, au ile ambayo haijawahi kuwekwa kitu kingine isipokuwa maji. Zilipatikana mbili za lita 20.

Kisha ikaja kazi ya kuwahamisha. Mtoto alitaka kutumia chujio la chai. Mama akamwambia aangalie kwanza yule jike mdogo wa kijivu, koo lake limevimba na hajala siku kadhaa. Furu wengi wa Ziwa Victoria hulea mayai mdomoni. Jike huyaokota mara tu anapoyataga, huyabeba hadi yanapoanguliwa, na kwa wiki mbili, tatu hivi anakula kidogo sana au hali kabisa. Akikimbizwa kwa wavu anaweza kuyatema yote, au kuyameza. Kwa hiyo hakukimbizwa. Maji yalikuwa machache, beseni dogo likazamishwa polepole pembeni, naye akaelekezwa humo kwa kiganja, akainuliwa pamoja na maji yake. Wengine wakafuata kwa njia hiyohiyo.

Dume, yule mwekundu, alipewa ndoo yake peke yake. Ndani ya tangi ana mahali pa kuringia na wengine wana mahali pa kukimbilia, lakini ndani ya ndoo angewamaliza. Kila ndoo ilipata kimpira cha hewa kutoka pampu ileile, na kufunikwa kwa kanga nyepesi, maana furu anaruka. Zikawekwa ndani, mbali na mlango, zimezungushiwa blanketi kuukuu. Bukoba si Dar es Salaam. Usiku kuna baridi, na ndoo ya lita 20 hupoa haraka kuliko tangi.

Sponji ya filta iliwekwa ndani ya ndoo ya majike bila kuoshwa. Inaonekana chafu, na ni kweli ni chafu, lakini uchafu ule una vijidudu vinavyoigeuza sumu ya mkojo na kinyesi cha samaki kuwa kitu chenye madhara madogo. Ikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, au ikiachwa ikakauka, vijidudu hivyo hufa, na samaki wanarudi kwenye tangi safi lisiloweza kuwatunza. Wengi hupoteza samaki wiki moja baada ya matengenezo, wakashangaa kwa nini, wakati tangi halivuji tena.

Maji ya kubadilishia yalikingwa bombani Jumapili ileile na kuachwa kwenye karai pana, wazi, kwa siku nzima ili klorini itoke. Bukoba ina mvua nyingi, na nyumba nyingi hukinga maji ya bati. Maji hayo yanaweza kusaidia, ila yasimiminwe mengi kwa mkupuo. Hayana madini yaliyomo kwenye maji ya ziwa, na bati lililokaa na vumbi lazima lioshwe kwanza na mvua yenyewe. Chakula kilisitishwa siku mbili. Samaki mwenye afya hafi kwa njaa ya siku mbili, lakini ndani ya ndoo chakula kinachobaki kinaoza na kuchafua maji.

Baba aliposugua tangi tupu, alikumbuka. Siku ya Alhamisi, wageni walipokuwa wanakuja, yeye na kijana wa jirani walilisogeza kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, likiwa na maji nusu. Tangi lile lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Maji yakifika sentimita 30 ni lita 54, yaani kilo 54, bila kuhesabu mchanga na vioo. Hata nusu ya uzito huo, ukibebwa na watu wawili ambao mmoja anainua kabla ya mwenzake, hukunja maungio. Na mahali lilipowekwa, sakafu ilikuwa na mbonyeo, mguu mmoja wa meza ulikuwa unaning'inia.

Hakumwambia mtoto siku hiyo.

Jumatatu akaenda madukani kutafuta silikoni. Muuzaji wa kwanza alimwambia silikoni zote ni moja. Si kweli, na hapa ndipo mzazi awe mbishi. Silikoni za bafuni na jikoni mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Inayofaa ni silikoni tupu isiyo na dawa yoyote, na iliyo salama zaidi ni ile ambayo kopo lake limeandikwa wazi kwamba ni ya matangi ya samaki. Aina inayotumika sana hutoa harufu kali ya siki wakati inakauka. Mafundi alumini wanaijua, lakini hata wao waulizwe na kopo lisomwe. Lisiposomeka, liachwe.

Baba alikuwa amepanga kuziba sentimita tano tu, pale palipovuja, tena kwa nje, ambako mkono unafika kirahisi. Mambo yote mawili yangemrudisha palepale. Ukiziba kwa nje, maji yanaisukuma gundi ibanduke. Ukiziba kwa ndani, maji yanaikandamiza ishike. Na silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Kiraka kidogo kinakutana na gundi ya zamani pande zote mbili, na tundu jipya linazaliwa pale wanapokutana.

Kwa hiyo alikwangua utepe wote wa ndani, pembe zote nne na sakafu, kwa wembe mpya. Kazi hii ndiyo inayochosha, na ndiyo inayoamua kama tangi litapona. Aliangalia asiingize wembe katikati ya vioo viwili, maana gundi iliyo pale ndiyo inayovishika visiachane, nayo ilikuwa nzima. Kama ingekuwa imejaa mapovu au imeachia, tangi lingehitaji kufumuliwa na kuunganishwa upya, kazi ya fundi. Ufa kwenye kioo chenyewe ni habari nyingine tena. Kagera haihitaji kufundishwa juu ya nyufa. Tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, hakuna mtu wa Bukoba anayeona ufa ukutani akasema ni rangi tu. Kioo chenye ufa kibadilishwe, hasa kama ni cha chini, kinachobeba uzito wote.

Baada ya kukwangua alifuta kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, akaacha pakauke kabisa. Akabandika utepe wa karatasi kandokando ili mstari unyooke. Dirisha likafunguliwa, watoto wakatolewa nje. Silikoni ikapitishwa kwa mkupuo mmoja kila upande, ikalainishwa kwa kidole kilicholoweshwa maji matupu, na utepe ukabanduliwa kabla gundi haijaanza kujenga ngozi juu. Ilimchukua saa nne kukwangua na dakika ishirini kupaka.

Kisha kusubiri. Silikoni inakauka juu upesi na kumdanganya mtu. Ndani bado ni mbichi. Siku moja haitoshi kwa utepe mnene. Siku tatu ni salama zaidi, na pua ndiyo kipimo cha mwisho. Tangi likiwa bado linanuka siki, bado.

Ni katika siku hizo tatu ambapo watu hutoa ushauri. Jirani alisema samaki wapelekwe tu Mto Kanoni, wataelea hadi ziwani, wamshukuru Mungu. Kwa furu waliotoka ziwa hilohilo shauri hilo lina nafuu kidogo, ingawa samaki aliyekaa tangini anaweza kurudi na ugonjwa. Kwa samaki wa dukani, wale wa rangi ya dhahabu na wenzao, na kwa majani yao ya mapambo, ni kosa kubwa, na watu wa kando ya ziwa hili wanajua gharama yake. Gugu maji ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na Mto Kagera ni mojawapo ya njia lilizopitia. Wavuvi wa Muleba na Bukoba hawana haja ya kuelezwa lilivyofunga mialo.

Mtoto, akiwa amekaa kando ya ndoo, aliuliza kwa nini mjomba anasema furu zamani walikuwa wengi kuliko dagaa. Hilo ni swali zuri la kujibiwa wakati gundi inakauka. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, ambazo hazipatikani kwingine. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi. Ameleta viwanda na fedha, amesomesha watoto wengi wa kanda hii. Pia aliwala furu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliona aina moja baada ya nyingine ikikosekana kwenye nyavu zao, na inakadiriwa kwamba aina kama 200 zilitoweka. Mwaka 1985 furu mmoja mwenye mgongo mwekundu alipewa jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Baadhi ya furu walisafirishwa Ulaya na Marekani, wakazalishwa kwenye matangi ya vioo kama lile la Kashai. Kwa furu hao, tangi likivuja huko, kunavuja karibu kila kilichobaki.

"Kwa hiyo na wao wanatumia silikoni?" mtoto akauliza. Ndiyo, na wao.

Jumatano asubuhi jike mmoja alikutwa amekufa, yule mwembamba kuliko wote. Mjomba alikuwa tayari kuleta mwingine kabla mtoto hajatoka shule. Wazazi hufanya hivyo kwa huruma, lakini mtoto aliyekuwa anawahesabu kila asubuhi angemjua mgeni kwa mkia tu. Mama alikataa. Mtoto akaonyeshwa, akalia, akamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, na alipouliza ni kosa la nani, baba akamwambia habari ya Alhamisi, kwamba alilisogeza tangi likiwa na maji. Mtoto alinyamaza muda mrefu. Jioni akamwambia baba yake asilisogeze tena bila kumwita.

Siku hiyo theluthi moja ya maji ya ndoo ilibadilishwa kwa yale yaliyolala kwenye karai, na ikawa hivyo kila siku. Samaki walipewa chakula kiasi cha kubana kwa vidole viwili, na kilichobaki kikatolewa.

Alhamisi jioni tangi halikunuka tena. Lilibebwa tupu hadi barazani, likawekwa juu ya magazeti, likajazwa robo, kisha nusu, kisha lote, na kuachwa hadi Ijumaa jioni. Gazeti lilibaki kavu. Maji yale ya majaribio yakamwagwa, tangi likasuuzwa. Sebuleni fundi wa jirani alileta pima maji, miguu ya meza ikasawazishwa kwa vipande vya mbao, na chini ya tangi kikatandikwa kipande chembamba cha godoro la povu ili kokoto moja isije ikabonyeza kioo.

Jumamosi mchana maji ya zamani yaliyokuwa kwenye madumu yalirudishwa, yakaongezewa yale ya karai. Sponji ikarudi kwenye filta. Furu waliachwa ndani ya beseni lao linaloelea, kikombe cha maji ya tangi kikiongezwa kila baada ya dakika tano, kwa nusu saa, kisha wakatoka wenyewe. Hawakupewa chakula hadi kesho yake. Waya wa pampu uliachwa ulegee na kuning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke pale chini badala ya kuingia kwenye umeme. Kwa wiki inayofuata mzazi aangalie kama samaki wanakuja juu kupiga mdomo hewani. Hiyo ni dalili kwamba maji yamechafuka au hewa imepungua, na sehemu yake ibadilishwe siku hiyohiyo.

Jike wa kijivu alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiwe. Koo lake lilikuwa bado limevimba.

Mtoto alibandika tishu mpya nne, moja kila pembe, akaandika tarehe kwa kalamu. Jumatatu kabla ya kwenda shule alizibandua na kuzikagua moja moja kwa vidole. Zilikuwa kavu.